Jangwani Turkana: Jukwaa lilinipita, swali likaninasa!

MSOMAJI wangu, hebu niambie ukweli. Umewahi kusafiri siku nne, mgongo umekufa ganzi, vumbi limekuingia mpaka kwenye meno, unakwenda kuangalia ngoma za watu. Halafu mwenye ngoma akakugeukia na kukwambia, "Haya, sasa na wewe tuimbie ya kwenu," ukajikuta huna?

Mimi yamenikuta. Na kwa kuwa aibu ukiisema mwenyewe inapungua uzito, leo nawapa mkanda mzima.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa Kaengesa, Sumbawanga Vijijini, huko juu Ufipa ambako asubuhi ya Juni kuoga ni jambo la kufikiria mara mbili. Wengi mnaisikia Kaengesa kwa sababu ya ile seminari yake. Ukiwa Dar ukatamka neno "Sumbawanga", basi umekwisha. Mmoja atakuuliza kama umekuja kwa basi au kwa ungo. Mwingine atakuomba radi moja tu ampelekee mwenye nyumba wake. Ukijitetea kwamba jina lenyewe maana yake ni "tupa uchawi", ndiyo kwanza wanacheka: "Sasa mbona hamkuutupa mbali?"

Ndiyo maana miaka yangu ya kwanza mjini nilikuwa najibu "natokea Mbeya", yaishe. Kifipa nacho nilikifungia kabatini pamoja na koti la baridi. Dar vyote viwili havina kazi, au ndivyo nilivyodhani.

Jinsi nilivyodata na jangwa

Chanzo cha safari ni picha. Kuna mshikaji wangu mmoja mpiga picha, tunakaa naye maskani moja Sinza. Siku hiyo akaja na simu yake anatuonyesha mambo ya Burning Man, lile tamasha la Wamarekani. Watu wamevaa manyoya, wengine karibu na uchi, wanaendesha baiskeli zenye mataa katikati ya jangwa tupu, na mwishoni wanalichoma moto sanamu la mtu la mbao lenye urefu wa ghorofa kadhaa. Wee acha tu!

Mchezo huo ulianzia ufukweni San Francisco mwaka 1986, watu wachache wakachoma sanamu lao. Mwaka 1990 wakauhamishia jangwa la Black Rock, jimbo la Nevada, na baadaye ukafika watu zaidi ya 70,000. Mle ndani, ukiondoa vitu vichache kama barafu, huuziwi kitu, watu wanapeana. Na wenyewe wanasema hakuna mtazamaji, kila aliyeingia ni mchezaji. Hilo ndilo lililonidatisha. Lakini nikapiga hesabu ya tiketi, viza na ndege, nikaona hata niuze maksai wote wa ukoo, mimi nitaishia uwanja wa ndege kupunga mkono.

Mali nako walikuwa na lao, Essakane, karibu na Timbuktu. Lilianza mwaka 2001, Watuareg na magitaa yao chini ya nyota. Baada ya Januari 2012 vita vikalizima kule kaskazini.

Ndipo yule mshikaji akasema: "Mwanangu, jangwa si lazima uvuke bahari. Kenya hapo juu lipo, na ngoma zipo." Alikuwa anazungumzia Tamasha la Utamaduni la Ziwa Turkana, linalofanyika Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, tangu mwaka 2008. Ilikuwa 2019. Nikavunja kibubu.

Feni 365 nyikani

Dar hadi Nairobi kwa basi kupitia Namanga, hiyo haina hadithi. Hadithi inaanzia Isiolo. Mpaka Laisamis ni lami safi, unasinzia bila wasiwasi. Pale Laisamis gari likakata kushoto, tukaingia barabara ya changarawe ya kilomita 200 na ushee. Tulikuwa tumepanda lori dogo, sisi na magunia ya unga na mama mmoja aliyekuwa na mbuzi mwenye adabu kuliko abiria wengi.

Kabla hujafika unakutana na maajabu: mitambo 365 ya umeme wa upepo imesimama jangwani, mapanga yanazunguka kama feni za majitu. Upepo wa kule si mchezo. Ukipiga chafya, anayekwambia "afya" yuko kilomita mbili mbele.

Halafu ziwa likajitokeza. Mbele yako kuna mawe meusi ya volkano, hakuna hata jani, na katikati ya ukame huo maji ya kijani yanayong'aa mpaka mwisho wa macho. Turkana ndilo ziwa la kudumu lililo kubwa kuliko yote duniani yaliyoko jangwani. Maji yake yana magadi, na mamba wapo wa kutosha. Loiyangalani yenyewe ni mji mdogo wenye chemchemi na mikoma, umejibanza hapo kama mtu aliyekosa pa kwenda. Mimi niliyezoea Ufipa, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, joto lile lilinipiga kama mlango.

Jukwaa la mgongo wa watu

Basi bwana, tamasha likaanza. Ni siku tatu. Makabila zaidi ya kumi yanakuja: Waelmolo, Waturkana, Wasamburu, Warendille, Wagabbra, Waborana, Wadassanech, Waburji na wengine. Kila kabila linajenga nyumba zake za asili, kijiji kizima kinaota pale kwa muda. Shanga, manyoya ya mbuni, vijana wanaruka, akina mama wanaimba.

Na si kwamba wanafurahisha watalii tu. Watu hawa wana historia ya kuuana kwa ajili ya mifugo, malisho na maji. Julai 2005 kijiji cha Turbi, katika eneo hilohilo la Marsabit, kilivamiwa asubuhi, watu zaidi ya 50 wakauawa, wakiwemo watoto wa shule. Ukilijua hilo, ukimwona Mgabbra na Mborana wanapokezana uwanja, unaelewa kwamba ngoma pale ni kazi kubwa.

Sasa mimi mwenzenu niliona nini? Migongo! Mbele kulikuwa na wazungu wenye kamera ndefu kama bunduki, nyuma yao watu wa Nairobi wenye simu juu, nyuma yao mimi. Kila nikinyanyuka, naangalia tamasha kupitia kioo cha simu ya mtu mwingine. Kukawa na hotuba, halafu hotuba ya kuikaribisha hotuba. Mshikaji wangu alikuwa na pasi ya shingoni, kapita mbele, kanisahau. Saa nane mchana nikajiuliza: nimetoka Sinza kuja kuangalia visogo?

Nikaondoka. Hapo ndipo tamasha langu lilipoanza.

Nilivyogeuzwa fito

Nyuma ya nyumba za maonyesho nikawakuta akina mama wa Kigabbra wanahangaika na nyumba yao. Upepo ulikuwa umeilegeza upande mmoja. Nyumba zile ni za fito na mikeka, zinafunguliwa zikapandishwa juu ya ngamia, watu wakahama nazo. Na wanaozijenga ni wanawake. Mama mmoja akanitazama juu mpaka chini, akaona kijana mrefu asiye na kazi, akanipa fito mkononi. Kiswahili hana, Kigabbra sina. Akanisukuma bega: simama hapa.

Msomaji, nilisimama pale karibu saa nzima, mimi na fito hatuna tofauti. Nikijaribu kuipinda, naipinda siko, wasichana wanaanguka kwa kicheko. Ilipokaza, yule mama akanikalisha kivulini, akanipa kikombe cha maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Jukwaani vigelegele vinalia, na mimi hata sikugeuka. Hakuna tiketi ya kununua kitu kama kile.

Usiku upepo ukashuka kutoka mlima Kulal, ukang'oa hema letu. Mshikaji kaenda kwenye muziki wa usiku, mimi nakimbizana na turubai gizani kama kichaa. Akatokea kijana mmoja, akaikanyaga kamba. "Hema yako iko na haraka kukuliko," akasema. Alikuwa Mwelmolo. Tukalifunga hema kwa mawe, tukapiga stori mpaka moto ukaisha. Akaniambia kesho alfajiri anakwenda kwao kando ya ziwa, kama nataka kuona kitu kisichopigiwa makofi.

Swali lenyewe

Waelmolo ni wachache mno. Sensa ya Kenya ya mwaka huohuo wa 2019 iliwahesabu kama 1,100 tu. Ni wavuvi. Zamani walivua kwa vyelezo vya magogo ya mikoma, na aliyeua kiboko alikuwa mtu wa kuimbiwa. Nyumba zao ni vibanda vya mviringo vya makuti na matete, ukipita upepo vinanong'ona.

Tulimkuta mzee mmoja anashona wavu, nyuma yake samaki wameanikwa kwenye mawe. Nikamwamkia kwa adabu zangu za Kibongo: "Shikamoo, mzee." Akacheka, akanipa mkono. Yule kijana akawa mkalimani, maana mzee alikuwa anaongea Kisamburu na Kiswahili cha kuokoteza.

"Wewe mtu wa wapi?"

"Tanzania."

"Tanzania kubwa. Kabila?"

Nilitaka kusema Mbeya! Sijui ni jua, sijui ni nini, nikasema: "Mfipa."

"Mfipa anafanya nini?"

Nikaeleza. Kwamba tunalima mahindi, maharage na ulezi. Kwamba wazee wetu hufukia majani ndani ya vichuguu vya udongo yaoze, ndipo wapande juu yake. Kwamba zamani tulikuwa wafua chuma. Mzee akaacha wavu. "Mlifua chuma? Basi mna nyimbo. Imba moja."

Nikanyamaza.

Nikatafuta kichwani kushoto, kulia. Nilikuwa namwona bibi yangu akipura ulezi, mdomo wake unacheza, lakini sauti haiji, kama televisheni iliyobanwa sauti. Kwa aibu nikaanza kuimba Bongo Fleva moja iliyokuwa inatamba. Kabla sijamaliza mstari wa kwanza, watoto waliotuzunguka wakaipokea, wakaimaliza wote, tena na madaha ya video kunizidi!

Mzee akangoja watulie. Akasema kitu, kijana akatafsiri taratibu: "Anasema hiyo tunayo, iko kwa simu. Anauliza ile ambayo haiko kwa simu."

Nikamwambia ukweli kwamba sijui. Sikutegemea alichojibu. Hakunicheka. Akaniambia kwamba na wao Waelmolo walikuwa na lugha yao, ya jamii moja na lugha za Kikushi za kaskazini mwa ziwa. Siku hizi Waelmolo wanaongea Kisamburu, wengine Kiturkana. Ya kwao imebaki maneno maneno tu, mengi ni ya uvuvi na ya samaki. Hakuna siku waliyokaa kikao wakasema leo tunaitupa. Mtu anaoa kwa jirani, anauza samaki kwa jirani, anamjibu mtoto kwa lugha ya jirani kwa sababu ni rahisi zaidi. Siku moja unamtafuta wa kuongea naye, humwoni.

Akanionyesha samaki mmoja mmoja, akiwataja kwa maneno yale yaliyobaki, na wale watoto wakimfuatisha. Kule uwanjani vipaza sauti vilikuwa vinaita washindi wa ngoma. Pale tulikuwa watu wanane hivi, tunatajiwa samaki. Nawaambieni, hilo ndilo onyesho kubwa nililoliona Turkana.

Nikapanda tena Ufipa

Niliporudi Dar sikukaa. Nikapitiliza Mbeya, Tunduma, mpaka nyumbani Kaengesa. Bibi alikuwa uani anachambua maharage.

"Karibu, mume wangu. Nani kafa?"

Maana mtoto wa mjini akirudi bila taarifa lazima kuna msiba. Nikamwambia hakuna aliyekufa, nimekuja kujifunza nyimbo. Bibi akanitazama kama mtu anayeangalia noti ya bandia. "Na huyo uliyemkimbia, Mzaramo, kakufukuza?"

Alipoona sina mzaha, akakaa vizuri. Siku ile nikapata nyimbo mbili za kupura ulezi. Ya tatu, ile ya wafua chuma aliyoisikia kwa baba yake, alianza vizuri, akafika katikati, akasimama. Akarudia. Akasimama palepale. "Hapa alikuwa anajua dada yangu," akasema. Dada yake tulimzika mwaka 2016. Nilikuwepo mazishini, nilikaa siku mbili, nikawahi basi.

Kesho yake tukaenda kwa miguu mpaka pembezoni mwa shamba moja, pana kisiki cha udongo mwekundu kama kichuguu kilichovunjika. Utotoni tulikuwa tunakichezea tukidhani ni kazi ya mchwa. Kumbe ni lungu, tanuri la kuyeyushia chuma! Mafundi wa Kifipa walijenga matanuri marefu kuliko mtu, hewa ikaingia yenyewe kwa mabomba ya udongo chini, hakuna wa kufukuta mivukuto. Bonge la chuma likitoka, linasafishwa kwenye tanuri dogo, sasa kwa mivukuto, ndipo linafuliwa jembe. Majembe ya madukani ndiyo yaliyowaua mafundi wetu. Nilikwenda siku nne kushangaa watu wa jangwani, na tanuri liko nyuma ya choo cha jirani.

Nilimrekodi bibi vyote kwenye simu. Na simu, ah, msomaji! Ikaibwa stendi nikirudi Dar. Sauti ya bibi ikaenda na mwizi asiyejua hata alichokibeba. Kilichosalia ni kile tu nilichokwisha kukiimba na bibi mpaka kikakaa kichwani: wimbo mmoja mzima na nusu ya mwingine. Nikajifunza kwamba kurekodi ni vizuri, lakini kujua ni kingine.

Ukienda, nenda hivi

Sasa wewe unayepanga kwenda tamasha, liwe la Turkana, liwe Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, Zanzibar, linalofanyika tangu 2004, au lile la TaSUBa Bagamoyo, chukua haya matatu ya bure.

Moja, fika siku moja kabla na ondoka siku moja baada. Watu wakijenga na wakibomoa hawajavaa sura ya jukwaani. Wanahitaji mkono wako, na mkono ni tiketi.

Pili, ficha simu. Piga picha ukishaombwa chakula au ukishapewa, na uulize kwanza. Mtu si mnyama wa mbugani.

Tatu, beba wimbo wa kwenu. Mmoja tu. Maana ukikaa na watu vizuri, mwishowe watakuuliza.

Yule kijana wa Loiyangalani bado tunawasiliana. Miaka iliyofuata ziwa lilipanda, maji yakaikata njia ya kijiji chao kimoja kinachoitwa Komote, pakageuka kisiwa. Anasema wenye kumbukumbu wanakaa ng'ambo, na nauli ya boti inakula hela ya samaki. Hata hivyo anajitahidi: ananitumia neno moja moja la samaki, namjibu kwa mstari mmoja mmoja wa bibi.

Naandika haya nikiwa hapa Kaengesa, koti la baridi limetoka kabatini. Bibi kazeeka, masikio mazito, lakini jana usiku, tumekaa jikoni tunaota moto, alianza mwenyewe ule wimbo wa wafua chuma. Akafika palepale pa siku zote, akasimama.

Halafu akaongeza mstari mmoja.

Sijauweka kwenye simu kwanza. Tumeuimba mpaka kuni zikaisha.